Mfa Maji Hatapatapi

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Methali nzuri. Tunaitumia kwa mwanasiasa anayeona kura zinamkimbia na kwa mfanyabiashara anayekaribia kufilisika, na kila mtu anaelewa. Tatizo ni kwamba kuhusu maji yenyewe methali hii si ya kutegemea. Waokoaji wa ufukweni wanafundishwa karibu kinyume chake: anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono. Mdomo uko usawa wa maji, pumzi yote inaishia kwenye kupumua, mikono inasukuma maji chini ili kichwa kipande. Ukimtazama ukiwa nchi kavu unaweza kudhani anacheza. Na kwenye maji ya baridi kuna jambo la ajabu zaidi, yaani mtu anaharibikiwa huku anakwambia, kwa upole kabisa, kwamba yuko sawa.

Hilo "niko sawa" ndilo linalonisumbua. Nani ana haki ya kumwambia mtu mzima, mwenye akili zake, atoke majini?

Siulizi kwa ajili ya kufurahisha nadharia. Kwa miaka kadhaa sasa naogelea na kikundi cha watu tisa hapa Brighton, kusini mwa Uingereza. Si klabu, hatuna kadi, hatuna mwenyekiti, hatuna fulana zenye nembo. Klabu ipo mjini, Brighton Swimming Club, tangu mwaka 1860, na wale ni watu wengine kabisa, wanaingia baharini hata Januari. Sisi tunalala wakati wa baridi kama vyura na kuanza upya mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei, Jumapili asubuhi, kila mtu na taulo lake na chupa yake ya chai. Ndugu zangu wa Tanga wanauliza kama huku maji ya moto yamekatwa. Sina jibu la maana la kuwapa. Inauma, halafu inaacha kuuma, halafu unakunywa chai na watu unaowapenda. Wanaodai kwamba baridi inatibu kila kitu, kuanzia viungo hadi huzuni, nawaachia wenyewe.

Ila Mei ina mtego wake. Unaamka jua linawaka, hewa imefika nyuzi 18 au hata 20, vijana wako ufukweni wamevaa fulana, wanakula aiskrimu. Bahari haijapata habari hizo. Bahari hupoa polepole na hupata joto polepole; pwani hii huwa baridi zaidi kati ya Februari na Machi, sio Desemba, na kilele cha joto lake hakifiki mpaka Agosti. Kwa hiyo mwanzoni mwa Mei maji bado yako nyuzi 11 hivi. Kwa mtu aliyekulia Tanga, ambako bahari ikishuka hadi nyuzi 25 watoto wanalalamika, namba hiyo ni namba tu mpaka siku uingie. Maji hunyonya joto la mwili upesi kuliko hewa, kama mara 25 hivi. Ngozi inafikisha ujumbe huo mara moja.

Katika Chuo Kikuu cha Portsmouth, mji ulio magharibi yetu kwenye pwani hiihii, Mike Tipton na wenzake wametumia miaka mingi kuchunguza mwili ukitiwa kwenye maji baridi. Wanachoeleza kimegawanyika kwa wakati. Dakika moja hadi tatu za mwanzo ni mshtuko: unavuta pumzi kubwa bila kupenda, moyo unakimbia, na ukiwa na bahati mbaya ile pumzi ya kwanza unaivuta kichwa kikiwa chini ya maji. Hiyo ndiyo inaua wengi, na inaua hata vijana wenye afya. Kisha zinakuja dakika ambazo mikono na miguu inapoteza nguvu, kwa sababu misuli na neva zake zimepoa ingawa kifua bado kina joto. Kupoa kwa mwili wenyewe, kule ndani, huja baadaye, na kwa mtu mzima huchukua nusu saa au zaidi. Na hata ukishatoka joto la ndani linaendelea kushuka kwa muda, ndiyo maana mtu anaweza kutoka anacheka, akakaa kwenye benchi, halafu dakika kumi baadaye ndipo anaanza kutetemeka vibaya.

Ile pumzi ya mwanzo inafundishika. Ukiingia mara tano au sita kwa dakika chache, mwili unazoea, mshtuko unapungua sana. Lakini mazoea yana bei yake. Aliyezoea hasikii baridi kama zamani, na mwili wake unapoa vilevile. Yule mwenye miaka kumi baharini anaweza kusema "leo maji ni matamu" akiwa na hali ileile ambayo ingemfanya mgeni akimbilie ufukweni.

Dalili za kupoa zinajulikana. Waingereza wamezipanga kwa vina ili zikumbukwe, na vina hivyo havihamishiki: mtu anajikwaa, anapapasa vitu bila kuvishika, anamung'unya maneno, ananuna bila sababu. Vidole vinatanuka kama kucha za kuku na kidole kidogo kinakataa kugusa gumba. Wanaookoa watu milimani wanajua jambo jingine la kutisha: baadhi ya waliokufa kwa baridi hukutwa wamevua nguo, kwa sababu mwishoni walihisi joto. Yaani kile kiungo ambacho kingekwambia "sasa basi", nacho kiko ndani ya mwili uleule unaopoa.

Hapo ndipo John Stuart Mill anaponihusu. Katika On Liberty, kitabu cha mwaka 1859, anatoa mfano wa mtu anayetaka kuvuka daraja ambalo limeshajulikana kuwa ni bovu. Kama hakuna muda wa kumwonya, anasema Mill, unaweza kumkamata na kumrudisha bila kumvunjia uhuru wake, kwa sababu uhuru ni kufanya unachotaka, naye hataki kutumbukia mtoni. Lakini kama hatari si ya hakika, kama ni uwezekano tu, basi mwenye kuamua ni yeye. Wewe mwonye, halafu mwache apite. Isipokuwa, anaongeza, kama ni mtoto, au amepagawa na homa, au yuko katika hali inayomzuia kutumia akili yake sawasawa.

Ni hoja nzuri, na kwa karibu kila jambo maishani mimi ni mfuasi wake. Mtu mzima akitaka kuvuta sigara, kuoa mara ya nne, kumwekeza pesa shemeji yake kwenye kilimo cha matikiti, mwonye, mwache apite. Lakini daraja la Mill liko nje ya mtu. Unaweza kumwonyesha ubao uliooza. Baridi ni daraja lililo kichwani, na linaoza taratibu, na hakuna dakika ambayo unaweza kusema hapa ndipo akili yake ilipoacha kuwa yake. Dakika ya nane anajiamulia. Dakika ya ishirini na tano pengine hajiamulii. Kati ya hizo mbili kuna mtu uleule, anatabasamu, anasema yuko sawa.

Utasema basi tumtoe mapema, tahadhari kabla ya hatari. Kabla hujasema hivyo, msikilize Gertrude Ederle.

Mwaka 1925, akiwa na miaka 19, Mmarekani huyu alijaribu kuogelea kuvuka mlango-bahari ulio kati ya Ufaransa na Uingereza. Hakuna mwanamke aliyewahi kuuvuka. Wanaume watano tu ndio walikuwa wamefanikiwa. Kocha wake alikuwa Jabez Wolffe, mtu ambaye mwenyewe alijaribu zaidi ya mara ishirini asifike hata mara moja. Baada ya saa kadhaa Wolffe alimwona amelegea majini, akaamuru atolewe, na Ishak Helmy, mwogeleaji wa Misri aliyekuwa pamoja naye, akamshika. Kwa kanuni za kuvuka, ukiguswa tu safari imekwisha. Ederle alishikilia kwamba hakuwa anazama. Alikuwa anapumzika. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Agosti 1926, alirudi na kocha mwingine, Bill Burgess. Bahari ikachafuka katikati ya safari, watu wa kwenye meli wakamtaka atoke, naye akawauliza: kwa nini? Akaendelea. Alifika Uingereza kwa muda wa saa 14 na nusu hivi, na kuipita rekodi ya mwanaume bora kwa takriban saa mbili.

Watu wengi wanaisimulia habari hii kama ushindi wa msichana dhidi ya wazee waoga, na ni kweli. Mimi naona kuna kitu kingine ndani yake. Hatutajua kamwe kama Wolffe alikosea mwaka 1925. Huenda Ederle alikuwa anapumzika. Huenda alikuwa anazama huku anaamini kwamba anapumzika, na hilo pia linawezekana, na yeye mwenyewe asingeweza kujua tofauti. Aliyekutoa majini hana ushahidi. Kama alikosea, amekuharibia. Kama alipatia, uko hai, umekaa, unakunywa chai na kulalamika kwamba amekuharibia. Malalamiko ni yaleyale. Kifo kilichozuiliwa hakiachi maiti ya kuonyesha.

Kwa hiyo anayetaka kumtoa mwenzake lazima awe tayari kuonekana mjinga, tena mara nyingi. Ni watu wachache wanaopenda cheo hicho.

Kikundi chetu kina sababu mbili za kukikwepa, na imenichukua muda kuona kwamba ni mbili. Wenzangu Waingereza hawamwamrishi mtu mzima kwa sababu ya uhuru: mwili ni wake, asubuhi ni yake, nani amekupa kazi ya kumchunga? Sisi wawili tuliotoka Tanzania hatumwamrishi kwa sababu ya heshima, hasa akiwa mzee. Mtoto hamwambii bibi "toka". Unaweza kumwambia "shikamoo", unaweza kumbebea taulo, unaweza kumuuliza kama amechoka. Ukimwambia toka, umekosa adabu, na hata kama umemwokoa mtu wa kwanza kukusema atakuwa mama yako. Kanuni mbili zisizofanana hata kidogo, moja inatokana na kumwona mtu kuwa sawa nawe na nyingine inatokana na kumwona yuko juu yako, na zote zinamwacha mzee majini.

Yupo bibi mmoja kwetu, mwalimu mstaafu, amevuka sabini. Huko ufukweni namwita kwa jina lake la kwanza kwa kuwa ndivyo wanavyotaka wenyewe, na mpaka leo ulimi wangu unagoma kidogo. Humu nitamwita Bibi, nipumzike. Tangu mumewe afariki wanawe wanampenda kwa namna ya kumbana. Wamemnyang'anya ngazi. Wamemshawishi auze gari. Wamemvika shingoni kengele ya kubonyeza akianguka, kengele ambayo anaivua na kuiacha ndani ya kiatu kabla ya kuingia majini. Anasema bahari ndiyo sehemu pekee iliyobaki ambako hakuna anayemwambia angalia unapokanyaga. Sasa wewe nenda kamwambie atoke.

Mei ya mwaka jana, Jumapili ya pili ya msimu, tulikuwa majini kwa dakika kama ishirini. Bibi alikuwa anaogelea mbele yetu sambamba na ufukwe, kichwa juu kama kawaida yake. Mwenzangu Mtanzania, dada wa Morogoro ambaye ni muuguzi, aliona kabla yangu: mikono ya Bibi ilikuwa inakwenda pole kuliko wiki iliyopita, na vidole vimetanuka. Akamuuliza uko sawa, akajibiwa niko sawa kabisa, mpenzi. Basi dada akamsogelea, akamwambia: "Mama, mimi nimeganda, na naogopa kutoka peke yangu kwenye haya mawe. Nisindikize."

Bibi akageuka palepale akamsindikiza. Ufukwe wa Brighton ni kokoto tupu, si mchanga, na mawimbi yanakuondolea mawe chini ya nyayo. Walitoka wameshikana mikono, na ukiwatazama kwa nyuma usingejua nani anamwongoza nani. Nchi kavu Bibi alishindwa kufunga kifungo hata kimoja. Alitetemeka muda mrefu, tumemfunika makoti matatu.

Wiki iliyofuata alimwambia dada, mbele yetu wote: "Ulinidanganya."

"Sikukudanganya, Mama. Baridi nilikuwa naisikia kweli."

"Wanangu wananifanyia hivyohivyo kila siku. Wananiomba niwasaidie vitu ili nisifanye vingine. Wewe nakuomba uniambie tu."

Dada alinyamaza. Baadaye, tukiwa wawili na tunaongea Kiswahili, akaniambia hakutaka kumdanganya, alitaka kumsitiri. Na hapa ndipo lugha inafanya kazi ambayo hoja za Mill haziifanyi. Kumsitiri mtu ni kumfunika aibu yake kabla watu hawajaiona. Mtu mzima anayetolewa majini kwa amri mbele ya wenzake wanane anavuliwa kitu. Anayetoka kwa kumsindikiza mwingine anatoka na heshima yake yote. Pwani nzima inaishi kwa ufundi huu. Mgeni amekaa sana, unaulizia usafiri unapatikana vipi saa hizi. Mzee amesahau jina lako, unajitambulisha kwa mtu aliye pembeni yake ili asikie.

Bibi naye ana hoja. Sitara inamfaa yule ambaye bado anaamini anaonekana mzima. Yeye ameshajua kwamba anachungwa, anachungwa kutwa, na kila hila ya upole inamkumbusha kwamba watu wamekaa mahali wakamjadili. Kwake kuambiwa "toka" waziwazi ni kupewa heshima, kwa sababu anayeamrishwa anaweza kukataa, na anayefanyiwa hila hata nafasi ya kukataa hana.

Nimewapima wote wawili kwa mwaka mzima, na msimamo wangu ni huu. Majini, dada alikuwa sahihi. Kwenye nyuzi 11, neno linalomfanya mtu ageuke ndani ya sekunde kumi ni bora kuliko ukweli unaoanzisha mjadala wa dakika tano. Lakini hila hiyo ni ya kutumika mara moja. Ikishajulikana, ukiirudia inakuwa dharau, hata ukiipaka sukari. Kwa hiyo lazima kitu kingine kiwekwe mahali pake, na kiwekwe watu wakiwa wamevaa nguo.

Mji huu uliwahi kuwa na kitu hicho, na kilikuwa na bei. Miaka ya 1750, Richard Russell, daktari wa Lewes hapo karibu, aliwashawishi matajiri wa Uingereza kwamba maji ya bahari ni dawa, ya kuogea na hata ya kunywa, nao wakamiminika Brighton. Wengi hawakujua kuogelea, na baadhi waliingia katika miezi ya baridi. Mwandishi Fanny Burney ameacha katika shajara yake habari ya kuingia bahari hii Novemba mwaka 1782, kabla ya mapambazuko. Hawakuwa wanaingia peke yao. Walisukumwa majini ndani ya vibanda vya mbao vyenye magurudumu, na mlangoni wanawake waliwasubiri wanawake wenye nguvu ambao kazi yao ilikuwa kuwazamisha na kuwatoa. Maarufu kuliko wote alikuwa Martha Gunn, aliyezaliwa mwaka 1726 na kufariki mwaka 1815, na kaburi lake lipo hapa mjini, kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolasi. Ninampenda sana Martha Gunn. Bibi mkubwa wa tabaka la juu, asiyeamrishwa na mtu yeyote kwa siku nzima, alimlipa mwanamke wa kawaida amshike, amtumbukize, na aamue yeye muda umetosha. Hakuna aliyeona kwamba uhuru wa bibi yule umevunjwa. Ridhaa ilitolewa nchi kavu, akili ikiwa na joto.

Nasi tumefanya kitu cha namna hiyo, bila pesa. Jumapili ya kwanza ya msimu, kabla mtu hajavua koti, kila mmoja anakubali kwa mdomo wake kwamba yeyote anaweza kumwambia yeyote "toka". Haijalishi nani ni mkubwa wala nani ana uzoefu. Sababu haitolewi, ubishi haufanyiki majini. Ubishi ni wa kwenye chai, na huko unaweza kubisha mpaka jua lizame. Bibi ndiye aliyeipendekeza. Alisema anataka kuamrishwa na wote au asiamrishwe na yeyote, kwa sababu amri inayotolewa kwa wazee peke yao ni kengele nyingine ya shingoni. Na yeye amemtoa mtu kabla hajatolewa: kijana wa miaka thelathini, mkimbiaji wa marathoni, mwembamba kama mwanzi, aliyekuwa ameanza kuongea taratibu. Kijana alinuna wiki nzima.

Tumeacha pia kuulizana "uko sawa?". Sisi Waswahili tulipaswa kulijua hili tangu zamani. Habari za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Salama. Halafu, salamu zikishakwisha, ndiyo mtu anakwambia: ila mzee tulimzika juzi. "Nzuri" yetu ni kizingiti tu, habari yenyewe iko kwenye "ila", na "ila" inamfikia aliyekaa na kusubiri. "Niko sawa" ya Mwingereza haina ila. Ni mlango unaofungwa. Vyovyote iwavyo, baharini hakuna muda wa kusubiri ila ya mtu. Kwa hiyo tunauliza vitu vya kutenda. Gusisha gumba na kidole kidogo. Jana ulikula nini? Niambie sentensi ndefu. Anayeshindwa sentensi hahitaji kukubali kwamba ameshindwa.

Nikiwaza haya yote, uangalizi huu wa watu tisa kwa nyuzi chache za baridi waliyoitafuta wenyewe, siwezi kusahau upande wa pili wa shilingi. Ni bahari hiihii. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Novemba 2021, upande wa mashariki ambako pwani mbili zinakaribiana, boti ya mpira iliyojaa wahamiaji, wengi wao Wakurdi wa Iraki, ilijaa maji na kuharibika. Watu wasiopungua 27 walikufa; wawili walikutwa hai. Waliokuwa ndani walipiga simu, Ufaransa na Uingereza, tena na tena. Kumbukumbu za simu zilizochapishwa mwaka uliofuata zinaonyesha upande wa Ufaransa ukiwaambia kwamba wako kwenye maji ya Uingereza. Wao hawakusema wako sawa. Walisema tunakufa, wakapewa jiografia.

Silinganishi. Sisi tunatoka majini tukaendeshe magari yetu. Lakini swali la nani anaaminika kuhusu mwili wake mwenyewe haliwezi kuulizwa Brighton kana kwamba ni la waogeleaji wa Jumapili tu. Mtu wa kikundi chetu akisema niko sawa tunajifunza kutomwamini, kwa upendo. Mtu wa boti akisema siko sawa, watu wenye simu na ramani walipata njia ya kutomwamini pia. Katika visa vyote viwili sauti ya aliye majini ilipimwa na aliye mkavu. Kilichotofautiana ni kama mkavu alikuwa tayari kulowa.

Mwaka huu mapatano yetu yamepata mtihani ambao bado hatujaumaliza. Amekuja mzee mmoja, ana miaka themanini, aliwahi kuwa baharia, anaogelea kuliko sisi wote. Jumapili ya kwanza zamu yake ilipofika alikataa. Alisema, na hakuwa amelowa hata kidole, kwamba hataki kutolewa na mtu. Moyo wake una matatizo, daktari ameshamwambia, na kama bahari itamchukua anaona ni afadhali kuliko wodi. Asubuhi ile akili yake ilikuwa na joto kuliko ya mtu yeyote pale. Mill angempigia makofi.

Tukagawanyika. Kijana wa marathoni alisema aachwe, ni haki yake. Dada muuguzi alisema haki yake inaishia pale mwili wake utakapohitaji kuvutwa, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu atakayekaa kwenye kokoto na kuangalia. Na tukishindwa sisi wataitwa watu wa boti ya uokoaji, ambao huku wengi ni wa kujitolea, wanaacha kifungua kinywa chao na kwenda kuhatarisha maisha yao kwa ajili ya msimamo wa mtu mwingine. Mimi niko upande wa dada. Nadhani mtu anaweza kuchagua kufa peke yake, lakini ni vigumu sana kufanya hivyo mbele ya watu wanaomjua jina bila kuwachagulia na wao jambo. Bibi hakusema kitu. Alimmiminia mzee chai, akamuuliza kama anatumia sukari.

Mzee akasema vizuri, basi ataogelea peke yake. Na ndivyo anavyofanya, kila Jumapili, saa ileile, mita hamsini kutoka kwetu upande wa gati, ambako hatuwezi kusema yuko nasi wala hayuko nasi. Tunamtazama. Anajua tunamtazama, juzi alipunga mkono. Dada alihesabu dakika kumi na moja.